Mashati ya Upande Mmoja

Jumatatu, Machi 2

Leo nimekabidhiwa karakana. Bosi ameniita ofisini kwake juu, amenipa funguo na daftari la kazi, akasema: "Watu tisa, sare mia nane na arobaini, shule tatu. Zikifunguliwa tarehe nne Mei, kila mtoto awe amevaa. Ukiweza, kiti ni chako. Usipoweza, unarudi kwenye cherehani yako na hatutagombana." Nikamwambia nitaweza. Nimeshona katika chumba hiki miaka kumi na sita, najua hadi dirisha lipi halifungi vizuri.

Msimamizi aliyeondoka alikuwa mtu wa watu. Asubuhi alikuwa anazunguka kuuliza nani amelalaje, mtoto wa nani ana homa, mpaka saa nne hakuna sindano iliyogusa nguo. Mimi siko hivyo. Niliwakusanya mbele ya meza ya pasi nikawaambia: hapa ni kazini, hisia tunaziacha mlangoni pamoja na miavuli. Wakaitikia wote. Mpiga pasi wetu, tunayemwita Mama Pasi, akauliza kama na njaa nayo inaachwa mlangoni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshakuwa msimamizi.

Jumanne, Machi 3

Mvua ya kwanza. Kola sitini.

Ijumaa, Machi 6

Binti anayeshona vifungo, na jina lake hapa ndiyo hilo, Vifungo, amelia leo. Nilimwambia tu kwamba vifungo vyake vimelegea, arudie mashati kumi na mawili. Machozi yakaanza kudondokea kwenye nguo nyeupe. Nikamwambia aende chooni alie, akimaliza arudi, maana machozi yanaacha alama. Akaenda, akarudi, akarudia mashati yote kumi na mawili. Nimefika nyumbani nikamsimulia mume wangu kwa fahari. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, ana tabia ya kunyamaza pale ninapotaka anisifu. Akaniuliza tu, "Na alipotoka chooni alikuwa vipi?" Sikujua. Sikumtazama.

Jumatano, Machi 11

Mvua siku ya tano mfululizo. Nguo zilizopigwa pasi zinavuta unyevu, Mama Pasi anapiga mara mbili. Kuna msumari ukutani karibu na meza yake, na kila siku naona kipande cha kitambaa kimetundikwa pale. Jana kilikuwa cheupe, leo chekundu. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema ni cha kupangusia pasi. Nikamwambia vizuri, usafi ni muhimu.

Jumamosi, Machi 14

Tumefikisha mia mbili na kumi. Chumba kimya, kazi inakwenda. Nimeridhika sana.

Alhamisi, Machi 19

Nimeamka na kisirani. Dari ya chumba cha watoto inavuja, mume wangu alikuwa ameahidi tangu wiki iliyopita kumwita fundi, hajamwita. Tumejibizana mpaka mlangoni. Nikafika karakana nimelowa hadi magotini.

Bado sijavua koti, Baba Mkasi akanifuata na kadi ya kazi mkononi, ile yenye maelekezo ya kukata. Huyu ndiye mkataji wetu, ana miaka hamsini na nane, na ndiye aliyenifundisha kushika chaki nilipoingia hapa sijui lolote. Akasema, "Mama, hiki kitambaa kipya cha shule ya tatu, nilitaka kuuliza." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Baba, miaka thelathini unakata, bado unauliza? Kadi si imeandikwa? Fuata kadi." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye meza yake.

Jioni nimemkuta mume wangu juu ya ngazi na ndoo ya lami, anaziba mwenyewe. Nikamshikia ngazi.

Ijumaa, Machi 20

Siku mbaya kuliko zote tangu nianze kazi. Nitaandika yote.

Kitambaa kile kipya ni chembamba kwa upana. Vitambaa vyetu vya siku zote tunavikunja katikati, uso kwa uso, kisha tunakata. Ukikata hivyo kila mkato unakupa pande mbili za mbele za shati, ya kulia na ya kushoto. Hiki hakikunjiki, kinatandazwa wazi, tabaka juu ya tabaka, na ili upate pande zote mbili lazima ugeuze karatasi ya kipimo mara ya pili. Usipogeuza, unapata upande mmoja tu.

Saa tatu asubuhi mshonaji wa mashine ya pili alinijia ameshika vipande viwili, akavilaza mezani. "Dada, hili shati lina kulia na kulia." Nikavuta furushi zima. Mashati themanini, vipande vya mbele mia moja na sitini, vyote vya kulia. Na kitambaa hiki hakina ujanja wa kukigeuza, nyuma yake kimepauka, mtoto angeonekana amevaa nguo ya rangi mbili.

Nilimwona Bosi, nikaiona cherehani yangu ya zamani, nikaona wiki tatu tu na tayari nimeshindwa. Nikaenda mpaka meza ya kukatia, na mbele ya wote nikasema, kwa sauti ambayo hata mashine zilisimama: "Umezeeka na mkasi mkononi, hujui kulia na kushoto? Kama macho yamekwisha sema, tukupe ufagio."

Baba Mkasi alizima mashine ya kukatia, akavua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja kila jioni, akaiweka juu ya meza. Akachukua mwavuli wake, akatoka. Ilikuwa saa tatu na nusu. Hakuna aliyeinua macho siku nzima, na mimi sikuweza kula.

Jumamosi, Machi 21

Hajaja.

Jumapili, Machi 22

Daftari la kazi nililileta nyumbani. Nimeitoa kadi ya kitambaa kile. Imeandikwa kwa mwandiko wangu, wino wangu, na herufi zangu zinazolala: "Tandaza wazi, uso juu. Karatasi moja. Usigeuze."

Nilinakili kutoka kadi ya suruali. Karatasi ya suruali ina pande zote mbili, haihitaji kugeuzwa. Niliandika nikiwa nawaza mengine.

Nimekaa na kadi ile mapajani nusu saa nzima. Mume wangu akaja kuniuliza kuna nini, nikampa asome. Akasoma, akauliza, "Yeye hakuona kwamba ina makosa?" Nikasema aliiona. Alikuja kuniuliza. "Ukamwambia nini?" Nikamwambia nilichomwambia. Mume wangu akanyamaza, na safari hii sikutaka anisifu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatatu, Machi 23

Kitambaa chekundu msumarini. Niliingia nikasema habari za asubuhi, nikamwona Vifungo akiangalia msumari kwanza, kisha akaangalia chini. Pasi ilikuwa bado baridi, hapakuwa na cha kupangusa.

Wakati wa chai nilimwita Vifungo kando. Nikamwambia, "Mwanangu, kile kitambaa ni cha nini? Sitakugombeza." Akasokota ncha ya aproni yake weee, mwisho akasema. Mama Pasi ndiye anayefika wa kwanza na dirisha lake linaona geti. Akiniona ninavyotembea, anajua. Nikija vizuri anatundika cheupe, maana yake leo unaweza kumuuliza jambo. Nikija vibaya anatundika chekundu, maana yake leo usiulize kitu, hata kama unakosea.

"Na Alhamisi ilikuwa kipi?" nikauliza.

"Chekundu, mama."

"Na Baba Mkasi akaja vilevile?"

"Tulimkataza. Akasema kitambaa ni kingi, bora atukanwe yeye kuliko kiharibike."

Nilikwenda chooni nikalia. Ni choo kidogo, taa yake inapepesa, na ukilia mle ndani unasikia cherehani zote ukutani. Nilikuwa nimemtuma mtoto wa watu aje kulia humu na nikaona ni uongozi. Nimejisemea ukweli: mimi sikuacha hisia zangu mlangoni hata siku moja. Niliingia nazo, nikazitua juu ya watu tisa, zao ndizo nilizozikataza.

Jumanne, Machi 24

Baada ya kazi nimekwenda nyumbani kwa Baba Mkasi. Aliyefungua ni mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti pana. Akanitazama toka juu hadi chini. "Umekuja kummalizia?" Nikasema nimekuja kumwomba radhi. Akafungua mlango nusu, nikapita kwa ubavu.

Baba Mkasi alikuwa anatengeneza mguu wa stuli. Nilimwambia yote, kadi, suruali, kila kitu. Nikamwambia kosa ni langu na maneno yale yalikuwa ya ukatili. Aliendelea kugonga msumari mpaka ukaingia.

"Umeniomba radhi sebuleni kwangu," akasema. "Ulinitukana mbele ya watu wanane."

Mkewe akasema kutoka jikoni, "Mwambie na kule ng'ambo ya mto wamekuita."

"Wameniita," akasema. "Karakana ya mashuka. Wanataka nianze tarehe ya kwanza."

Nikamwambia aje kesho, niseme mbele ya wote akiwapo. Akatikisa kichwa. Akasema hataki kuja kusikiliza, nikisema yeye hayupo ndipo atajua nimesema kweli, wenzake watamletea habari. Nimerudi kwa miguu kwenye matope, nina hofu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza darasani.

Jumatano, Machi 25

Nimesema. Niliwasimamisha mbele ya meza ya pasi, nikawasomea kadi kwa sauti, neno kwa neno, nikawaonyesha mwandiko. Sauti ilinikatika kwenye "usigeuze". Nikawaambia Baba Mkasi alikuja kuniuliza, na mimi nilimfukuza kwa sababu nilikuwa nimegombana nyumbani juu ya dari. Nikasema najua habari ya msumari. Mama Pasi akawa anaangalia pasi kama haijui.

Kisha nikapanda kwa Bosi nikamweleza naye. Alivua miwani. "Unajua umenipa sababu ya kukurudisha chini?" Nikasema najua. Akasema atasubiri mpaka shule zifunguliwe, na vipande mia na sitini nivitafutie dawa mwenyewe.

Nilishuka nikiwa mwepesi.

Alhamisi, Machi 26

Saa mbili kasoro dakika tano, Baba Mkasi akaingia na mwavuli wake. Akaikunjua aproni. Akasema bila kunitazama, "Namaliza msimu. Ng'ambo wamekubali kunisubiri hadi Mei. Baada ya hapo naondoka." Nikasema asante.

Tukakaa na vipande. Kulia themanini tunavihitaji, themanini vimezidi, kushoto hakuna hata kimoja, na kitambaa kilichobaki ni cha mashati ya watoto wa darasa la kwanza tu. Nikawaambia, mwenye wazo lolote, hata la kijinga, aseme. Vifungo akasema polepole, "Kwani hivi vikubwa vilivyozidi haviwezi kukatwa vya watoto wadogo?"

Baba Mkasi akachukua karatasi ya kipimo ya darasa la kwanza, akaigeuza upande wa kushoto, akailaza juu ya kipande kikubwa cha kulia. Ikaingia yote na nafasi ikabaki. Akachukua ya kulia, nayo ikaingia. Maana yake mashati ya wadogo yatatoka kwenye vipande vilivyozidi, na kitambaa chao kitatoa vipande vya kushoto vya wakubwa. Akamtazama Vifungo. "Binti, wiki tatu hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," akasema Vifungo, na safari hii tulicheka wote, hata mimi.

Jumatano, Aprili 1

Tuna utaratibu mpya. Pasi inachukua dakika saba kupata moto. Dakika hizo saba tunasimama kuizunguka, na kila mtu anasema amekujaje. Naanza mimi. Leo nilisema, "Nimekuja na wasiwasi, leo ndiyo tarehe ambayo Baba Mkasi angekuwa ng'ambo." Baba Mkasi akakohoa. Mama Pasi akasema amekuja na kidole cha mguu kinachouma, na kila mtu akihitaji kumkanyaga akanyage wa kushoto.

Jumanne, Aprili 7

Pasi ilikuwa ya moto tangu saa mbili na robo, saa tatu bado tunamsikiliza mshonaji wa mashine ya tano na habari za wifi yake. Nimekata. Nikamwambia pole, kweli ninakupa pole, chai nitakaa nawe unimalizie. Alinuna hadi saa tano. Wakati wa chai nikakaa naye. Yule wifi kweli ni balaa.

Ijumaa, Aprili 10

Mama Pasi ameunguza kola tatu kwa kupiga soga. Zamani ningemfokea mbele ya chumba kizima. Nimemwita nje kwenye baraza nikamwambia wazi: nimekasirika, na nimekasirikia kola, ya nne sitaivumilia. Akasema, "Hiyo nimeielewa, dada." Hajaunguza tena.

Jumatatu, Aprili 13

Mia tano na sitini. Baba Mkasi ameanza tena kuimbia puani anapokata. Sikusema kitu, nisije nikamkatiza.

Alhamisi, Aprili 16

Dhoruba imekata umeme tangu jana mchana. Leo Bosi ameshuka ngazi mbilimbili, akanisimamia mbele ya mlango wa karakana: nimezembea, siku mbili zimepotea, jenereta la jirani sikuliomba, mimi ni msimamizi wa aina gani. Nililiomba, jirani mwenyewe analitumia. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Alipopanda, watu wote tisa walikuwa wananiangalia. Nilijua kinachokuja, nilikisikia kabisa mdomoni, maneno yaleyale ya Bosi yakitaka kutoka kuelekea kwa mtu mwingine. Nikawaambia, "Ngojeni kidogo." Nikatoka nikasimama chini ya ukingo wa paa, maji yanamwagika mbele yangu, nikahesabu madirisha ya jengo la mbele. Yako thelathini na moja. Nikarudi nikasema: "Bosi ana hofu, na mimi nina hofu, na wala hakuna hapa aliyekosea. Cherehani nne zina pedali za miguu. Tunafanyaje?"

Baba Mkasi akatoa mkasi mkubwa wa mkono kwenye droo, ule wa chuma ambao hatujauona miaka. Mama Pasi akaenda kuazima pasi ya mkaa kwa dobi wa nyuma. Tumeshona kwa zamu, wanne wakikanyaga, wengine wakipumzisha miguu. Mashati kumi na tisa. Ni machache, lakini nimerudi nyumbani ninaimba.

Ijumaa, Aprili 17

Umeme umerudi saa nne. Vifungo amepiga makofi, akaona haya, akaficha mikono.

Jumatano, Aprili 22

Binti yangu ameniuliza kwa nini siku hizi sigombani na mlango ninapoingia. Sikujua kwamba nilikuwa nagombana na mlango.

Jumatatu, Aprili 27

Mshonaji wa mashine ya tatu amekwenda kujifungua, mtoto na mama wote wazima. Tumebaki wanane na sare sitini. Kila siku inayopita nafurahi kwa ajili ya sare na nahuzunika kwa ajili ya mkataji. Asubuhi kwenye pasi nimesema hivyohivyo mbele yake. Nikasema pia kwamba simwombi abaki, nimesema tu kwa kuwa ni kweli. Yeye zamu yake ilipofika akasema amekuja salama, basi.

Ijumaa, Mei 1

Ya mwisho, mia nane na arobaini, imepigwa pasi saa nane na dakika kumi mchana. Vifungo alishona kifungo chake cha chini. Bosi ameshuka, amehesabu mafurushi, ameniambia, "Kiti ni chako." Nimefurahi, siwezi kusema sikufurahi. Nilimtafuta Baba Mkasi kwa macho. Alikuwa anapangusa meza ya kukatia, pembe zote nne, kama mtu anayekabidhi nyumba.

Jumatatu, Mei 4

Shule zimefunguliwa. Mvua imepungua, njiani nimewaona watoto wawili na mashati yetu, mmoja ni wa darasa la kwanza. Nilimwangalia kifua mpaka mama yake akamvuta mkono.

Nilifika nikiwa nimejiandaa kwa meza tupu. Baba Mkasi alikuwapo, anatandaza kitambaa. Na karibu na meza ya pasi amesimama mkewe, mfupi, mkoba kifuani, anaongea na Mama Pasi kana kwamba wamelelewa pamoja.

Akanigeukia. "Nasikia mashine ya tatu haina mtu."

Nikasema ndiyo, hadi aliyejifungua arudi. Nikamuuliza kama anashona.

"Tangu kabla hujazaliwa. Nashonea nyumbani kwa sababu sipendi kupigiwa kelele." Akanikazia macho. "Mimi ndiye niliyemwambia asirudi hapa. Kila jioni namuuliza, leo amekuwaje? Nimemuuliza wiki tano. Sasa nimekuja kuona mwenyewe. Ukiamka vibaya utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Na mimi nikiamka vibaya?"

"Utaniambia."

"Mimi naamka vibaya kila siku, mwanangu. Jiandae."

Nikamwambia nimejiandaa. Kisha nikamuuliza lile nililoogopa kuliuliza, kwamba yeye atakaa hapa na mumewe atakuwa ng'ambo ya mto, itakuwaje.

"Nani kakwambia anakwenda ng'ambo?" akasema. "Alikwenda jana akawaambia hapana. Kwani hajakwambia?"

Nikageuka. Baba Mkasi alikuwa ameinamia kitambaa, mgongo kwetu. "Zamu yangu haijafika," akasema. "Pasi bado haijapata moto."

Tukasogea kuizunguka wote. Nilianza mimi, kama kawaida, lakini machozi yalitangulia, na Vifungo ndiye aliyenipa kitambaa cha kufutia macho. Nikawaambia nimekuja nimefurahi.